Kuinua Escudo ya zamani ibebe tairi kubwa: mwongozo kamili kwa barabara za Mbeya na Makete

Tairi ikigusa madigadi husikii mlio wa chuma. Unasikia mkwaruzo mzito, kama mtu anaburuta gunia la mahindi sakafuni, na usukani unakuwa mgumu kidogo mkononi. Mimi niliusikia mara ya kwanza kwenye kona za kushuka kutoka Isyonje kwenda Tukuyu, nikiwa na abiria watatu na magunia mawili ya viazi nyuma. Wiki ileile nilikuwa nimeivalisha Escudo yangu tairi za 235/75R15 bila kugusa springi. Kwenye uwanja wa muuza tairi zilizunguka vizuri tu, nikapiga usukani kushoto, nikapiga kulia, tukapeana mikono. Lakini pale gari lilikuwa tupu na limesimama. Njiani mzigo ulikaa, springi zikabonyea, kona ikavuta upande mmoja, na tairi ya mbele ikaanza kujichonga kwenye ukingo wa bati.

Niliyoyaandika hapa ni yale niliyojifunza baada ya siku ile. Gari ninalolizungumzia ni Suzuki Escudo ya toleo la kwanza, lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1988 na kwingineko huitwa Vitara. Ukiwa na gari jingine la zamani, mpangilio wa kazi ni uleule ila vipimo vyako vitakuwa tofauti, kwa hiyo usinakili namba zangu.

Tairi huamuliwa kabla ya springi

Wengi wetu tunaanza na springi kwa sababu ndizo zinazoonekana kulipa gari umbo. Kumbe springi na tairi zinainua vitu viwili tofauti.

Springi ndefu inainua bodi na chesisi. Kwenye Escudo hii difu ya mbele (lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia) imeshikwa na chesisi, kwa hiyo nayo inapanda pamoja na bodi. Ya nyuma iko ndani ya ekseli, na ekseli inakaa juu ya tairi. Weka springi ndefu utakavyo, difu ya nyuma haipandi hata milimita moja mpaka tairi yenyewe iongezeke. Ndiyo maana unaona gari limesimama juu kama swala, halafu njia ya shamba likakwama difu kwenye tuta la katikati.

Basi anza na hesabu ya tairi. Chukua upana (namba ya kwanza), zidisha kwa ile asilimia (namba ya pili), zidisha kwa mbili, kisha jumlisha kipenyo cha rimu kwa milimita. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Tairi iliyokuja na gari langu ni 195/80R15: 195 mara 0.80 ni 156, mara mbili ni 312, jumlisha 381 unapata kipenyo cha milimita 693.

Fanya vivyo hivyo kwa tairi unazozitamani. Ya 215/75R15 inatoka 703.5. Ya 225/75R15 ni 718.5. Ya 235/75R15 ni 733.5. Kimo kinachoongezeka chini ya difu ni nusu tu ya tofauti ya kipenyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo 215 inakupa milimita 5 hivi, 225 inakupa karibu 13, na 235 inakupa 20. Watu wakiona tairi kubwa wanadhani wameongeza shubiri nzima. Umeongeza upana wa kidole gumba.

Sasa hapa kwetu kuna jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kukukumbusha. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inapungua. Escudo ya 1.6 ikiwa Mbeya mjini tayari imeshaacha zaidi ya sehemu moja ya sita ya nguvu yake njiani, na ikifika Kitulo imeacha robo. Tairi kubwa nayo inarefusha gia: 225 kwa asilimia 3.7, 235 kwa asilimia 5.8. Ukijumlisha hayo, gia ya tatu uliyokuwa unapandia mlima wa Chunya bila kuhangaika inakuwa ya pili.

Ushauri wangu, na ninajua wapo watakaobisha: kama injini yako ni 1.6, ishia 225. Tairi za 235 waachie wenye injini kubwa ya V6, au wale ambao gari lao halibebi viazi. Mimi nilizivua zile 235 nikaziuza kwa hasara.

Rimu

Escudo hii ina nati tano, na duara la bolti zake ni milimita 139.7. Rimu za RAV4 zina nati tano pia, lakini duara lake ni 114.3, haziingii. Za Hilux zina duara la 139.7 lakini nati sita. Ukiambiwa "hizi zinaingia zote, bosi", toa futi yako upime. Angalia pia tundu la katikati: Escudo ina habu nene, na rimu ya gari dogo itagota kwenye habu kabla haijafika kwenye bolti.

Kingine ni namba iliyogongwa nyuma ya rimu ikianza na ET. Inakueleza uso wa kufungia uko umbali gani kutoka katikati ya upana wa rimu. Namba ikiwa kubwa, tairi inaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo au hasi, tairi inatoka nje. Kutoka nje kidogo kunapendeza macho, lakini tairi iliyo nje inachora duara kubwa zaidi unapokata kona, na ndiyo inayokula madigadi. Tena inaongeza mzigo kwenye beringi za habu. Baki karibu na ET ya rimu ulizokuta kwenye gari.

Zile pleti za alumini wanazochomeka kati ya habu na rimu ili kuitoa tairi nje, mimi sizitaki kwenye gari linalopanda na kushuka milima. Kama huna namna, tafuta zile zenye bolti zake, zinazokazwa kwenye habu kwanza ndipo rimu ikazwe juu yake. Zile nyembamba zinazotegemea bolti za gari zinapunguza nyuzi zinazoshikwa na nati.

Tairi za mtumba zina tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ikiwa na meno mazuri lakini imezeeka, mpira wake umekuwa mgumu, na kwenye lami iliyolowa mvua ya Tukuyu haishiki.

Kilichochoka kibadilishwe kwanza

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Mwanjelwa ambaye amefungua Escudo nyingi kuliko siku nilizoishi. Nilipompelekea gari na springi mpya kwenye buti, aliingia chini, akakaa kimya dakika kumi.

"Mzee, nikifunga hizi ule mlio wa mbele utaisha?"

"Huo utaisha, utaanza mwingine. Springi haitibu bushi, mwanangu."

Akanirudisha nyumbani na orodha. Alikuwa na haki. Ukiinua gari unabadilisha pembe za kila kiungio chini yake, na tairi kubwa inaongeza uzito usiobebwa na springi. Bushi, yaani ule mpira ulio ndani ya kiungio, iliyokuwa inajikongoja itakufa ndani ya mwezi. Kwa hiyo piga jeki, weka stendi, kisha pita hivi.

Shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, ni beringi ya habu au boljointi. Mtu wa pili akikanyaga breki na mchezo ukaisha, ni beringi. Shika kushoto na kulia, itikise tena: mchezo hapo ni tairodi, au ule mkono mdogo upande wa pili wa chesisi unaosaidiana na boksi ya usukani. Escudo hii inatumia boksi na mikono mingi, haina raki, kwa hiyo mchezo mdogo mdogo katika viungio vitano unajumlishwa kuwa usukani unaoelea. Tia mtaimbo mdogo kwenye bushi za amu za chini (mikono ya chuma inayoshika gurudumu), uone kama mpira umepasuka au umeachana na chuma. Nyuma kuna mikono miwili mirefu ya kushika ekseli isirudi nyuma, na ule wa katikati wenye umbo la herufi A unaofungwa juu ya difu kwa boljointi. Huo wa A husahaulika sana. Ukilegea, gari linayumba nyuma kwenye lami kama lina mkia, na watu wanalaumu tairi.

Mwisho gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia usawa wa tairi za nyuma kwenda mbele, hasa pale springi inapokaa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya karatasi. Ukikuta kutu iliyotoboa, kazi ya springi inasubiri kwanza kazi ya kuchomelea.

Kabla ya kununua chochote, pima. Egesha gari penye sakafu iliyonyooka (mimi nilitumia sakafu ya zege ya waosha magari asubuhi kabla hawajaanza), upepo wa tairi uwe sawa, kisha pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, maana tairi iliyopungua upepo itakudanganya. Langu lilikuwa limekaa upande wa dereva kwa milimita 14, na nyuma lilikuwa chini kuliko mbele. Springi za miaka 30 zimeshachoka. Sehemu ya kimo unachokitafuta ni kile ulichokuwa nacho gari likiwa jipya.

Springi gani, shokapu gani

Hapa Mbeya utapewa njia tatu. Ya kwanza ni raba za kubana katikati ya mizunguko ya springi. Ni rahisi, zinafungwa barabarani kwa dakika kumi, na zinafanya springi iwe ngumu sehemu moja tu, kwa hiyo mizunguko iliyobaki inafanya kazi ya yote. Nimeona springi iliyokatika pale pale raba ilipoishia. Ya pili ni vipande vya plastiki ngumu au alumini vya kuweka juu au chini ya springi. Ukipata vilivyochongwa vizuri na springi zako bado ni hai, vinafaa kwa milimita 20 hadi 25. Ya tatu ni springi mpya zilizotengenezwa ziwe ndefu na nzito kidogo. Mimi nilichukua hizi zinazoinua milimita 40, na ndizo ninazokushauri kama unabeba mzigo.

Usizidi milimita 50. Si suala la woga. Difu ya mbele imepanda na chesisi, tairi zimebaki chini, kwa hiyo drayvu shafti zinainama zaidi. Zikizidi pembe yake, jointi zinaanza kugonga na mpira wake unachanika, hasa ukiwa kwenye fowili (tairi zote nne zikivuta) umekata kona. Wanaokwenda juu zaidi hulazimika kuishusha difu ya mbele kwa vipande vya chuma, na hapo umeshaingia kazi nyingine.

Shokapu nazo zina urefu wake. Hapa Escudo ina tabia yake: mbele, springi haijavaa shokapu kama kwenye Corolla. Springi inakaa peke yake kati ya amu ya chini na chesisi, na shokapu inasimama kando. Ukibadilisha springi tu, shokapu ya zamani inakuwa imevutika karibu na mwisho wake muda wote. Gurudumu likidondoka kwenye shimo, shokapu inafika mwisho kwa kishindo, "taa!", na baada ya miezi michache inavuja. Nunua ndefu kwa kiasi kilekile ulichoinua, au weka kipande kati ya kichwa cha shokapu na bodi. Nyuma hakuna mjadala: nunua ndefu.

Ukienda dukani nenda na shokapu ya zamani mkononi. Ivute mpaka mwisho, pima kutoka tundu hadi tundu, ibonyeze, pima tena. Mpya iwe ndefu zaidi ikivutwa, lakini ikibonyezwa isiwe ndefu kiasi cha kugota kabla ekseli haijafika kwenye raba yake ya kuzuilia. Shokapu inayogota ndani huharibika safari ya kwanza.

Kazi yenyewe: mbele

Tenga siku mbili, hasa kama gari limeishi kwenye tope. Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati utakayoigusa. Uwe na jeki mbili, stendi mbili nzito, mnyororo mfupi, waya, nyundo, seti ya spana na soketi, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Tofali si stendi. Tofali la kuchoma hupasuka bila kutoa taarifa.

1. Zuia tairi za nyuma mbele na nyuma, legeza nati za mbele gari likiwa chini, kisha inua na uweke stendi kwenye chesisi, siyo kwenye amu. Toa tairi.

2. Fungua viungo vya stabilaiza (ile fito inayozuia gari kulala kwenye kona) pande zote mbili. Ukifungua upande mmoja tu itapambana nawe.

3. Fungua kalipa ya breki na uifunge juu kwa waya. Isining'inie kwa hosi.

4. Weka jeki ya pili chini ya amu ya chini, uibane kidogo. Pitisha mnyororo ndani ya springi na kuufunga kwenye chesisi, ukiwa na ulegevu wa kutosha springi ishuke. Hii ndiyo hatua ya hatari. Springi iliyobanwa na uzito wa gari ikiruka inavunja mguu.

5. Toa zile bolti mbili zinazoshika shokapu kwenye nako, yaani kile chuma kinachobeba habu. Kabla ya kutoa, weka alama ya rangi kuzunguka vichwa vyake ili ujue zilikuwa wapi.

6. Shusha jeki polepole, huku mtu wa pili akiishikilia nako isiangukie nje ikaivuta drayvu shafti. Amu ikishuka vya kutosha, springi inalegea na kutoka.

7. Safisha kikalio cha springi, kagua raba yake ya juu, weka mpya. Ncha ya springi lazima iketi kwenye ngazi yake ya chini. Isipoketi gari litakuwa juu upande mmoja na utaanza kumlaumu muuzaji.

8. Panda na jeki, rudisha bolti, rudisha kalipa. Zile za kupita kwenye bushi usizikaze bado, zishike kwa mkono tu.

Nataka nikae kwenye hiyo ya mwisho kidogo, kwa sababu nimeona gereji nzuri zikiikosea. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira wake umeshikamana na chuma ndani na nje, na gari likicheza mpira ndio unaojikunja. Ukiikaza tairi zikiwa zinaning'inia, mpira unakuwa umelala katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari chini, bushi inabaki imekunjwa saa zote, hata ukiwa umelala. Ndiyo zile bushi "feki" zinazokufa baada ya miezi miwili. Nyingine ni feki kweli, lakini nyingine ziliuliwa na spana. Shusha gari chini, lisukumesukume likae kwenye kimo chake kipya, ndipo uingie chini ukaze.

Nyuma

Nyuma ni rahisi. Stendi kwenye chesisi, jeki chini ya difu, toa bolti za chini za shokapu, shusha ekseli mpaka springi zitoke kwa mkono. Shusha ukiwa unatazama vitu viwili: hosi ya breki inayotoka chesisi kwenda ekseli, na kile kibomba chembamba cha kupumulia difu. Ekseli isining'inie kwa hosi hata kidogo. Kibomba kikichomoka na usigundue, ukivuka mto difu itanyonya maji.

Kama gari lako lina valvu ya breki yenye kifimbo kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma, isome vizuri. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikishuka inajua kuna mzigo, inaongeza breki za nyuma. Ukiinua bodi, valvu inadhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zinapungua nguvu. Kikalio cha kifimbo kinatakiwa kisogezwe juu kwa kiasi ulichoinua. Kwa mtu anayeshuka Kitonga au Igawilo na mzigo, hili si pambo.

Hosi za breki zipime gari likiwa juu na tairi zikining'inia kabisa, usukani umekatwa hadi mwisho pande zote. Hosi ikiwa imenyooka kama kamba ya nguo, nunua ndefu. Kwa milimita 40, hosi zangu za mbele zilitosha. Ya nyuma niliibadilisha.

Halafu zile raba za kuzuilia ekseli. Watu wanafikiri kuinua gari kunazuia tairi kugusa madigadi. Kunapunguza tu mara ngapi inafika. Springi ikibonyea hadi mwisho, tairi inafika palepale ilipokuwa inafika zamani, na sasa ni kubwa zaidi. Kinachoizuia ni raba ile. Ongeza unene wake kwa kiasi cha nusu ya tofauti ya kipenyo, na kidogo zaidi. Kwa 225 mimi niliongeza milimita 15.

Jaribio la chaki

Vaa tairi mpya, kaza nati kwa mpangilio wa nyota, karibu Nm 95. Paka chaki kwenye mabega ya tairi za mbele, ndani na nje. Pakia watu wanne na mifuko miwili ya saruji, tafuta uwanja wenye mashimo, endesha polepole ukikata usukani hadi mwisho pande zote, mbele na nyuma. Rudi na tochi uangalie chaki imehamia wapi. Nyuma pia usiiache.

Kwangu ilihamia kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, nyuma ya tairi, na kona ya chini ya bampa. Plastiki niliipasha moto taratibu nikaisukuma ndani. Kona ya bampa niliikata kwa msumeno kiasi cha vidole viwili. Usianze kukata bati kabla ya kufanya jaribio hili. Ukiona chaki imehamia kwenye shokapu au kwenye amu, tatizo ni rimu, msumeno hautakusaidia.

Alaimenti

Baada ya kuinua, tairi za mbele zitasimama zikiwa wazi juu, kama mtu aliyefungua magoti. Zile bolti mbili za nako zinaweza kubadilishwa kwa zenye kichwa cha kamu ili kuirudisha tairi isimame wima. Mwelekeo wa tairi ukizitazama kutoka juu nao utakuwa umeharibika, huo unarekebishwa kwenye tairodi. Nenda kwenye mashine, na kaa nao. Fundi akirekebisha mwelekeo tu na kukwambia "imekaa", muulize kuhusu kusimama kwa tairi. Tairi inayoliwa bega la nje peke yake baada ya kilomita 2,000 ni jibu kwamba hakuigusa.

Taa za mbele nazo. Simama mita 5 kutoka ukutani, weka alama usawa wa katikati ya taa. Mwanga mdogo uwe umeshuka karibu sentimita 5 chini ya alama. Ukiwa juu ya hapo, kwenye ukungu wa kupanda Kitulo utakuwa unajimulikia ukuta mweupe, na unaopishana nao watakutukana.

Spidi mita nayo sasa inadanganya kwa upande mbaya. Kwa tairi za 225, ikisoma 80 unakwenda karibu 83. Kwa 235 unakwenda karibu 85. Ikisoma 50 kwenye kibao cha 50 kijijini, tayari umezidi. Tochi ya trafiki haijui habari za tairi zako. Linganisha na simu yako yenye ramani siku ya kwanza, ukumbuke tofauti. Na ipigie kampuni yako ya bima kabla ya kazi, siyo baada ya ajali.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo kaza tena nati za rimu na zile bolti za nako, kisha pima tena kimo cha pembe nne. Springi mpya hukaa kidogo.

Kuna tairi moja watu huisahau: ile ya mlangoni. Mlango wa nyuma wa Escudo ndio unaobeba spea, na tairi ya 225 ni nzito kuliko ya zamani. Angalia bawaba zisiwe na mchezo, na kama tairi inagusa bampa mlango ukifungwa. Ukiamua kubaki na spea ya zamani ya 195, basi pancha ikitokea usiiweke nyuma, kwa sababu difu itakuwa inazunguka kwa kasi mbili tofauti mpaka ichemke. Hamisha tairi moja ya mbele iende nyuma, spea ndogo iwe mbele, na usiingize fowili mpaka ufike kwa mziba pancha.